Jina Ambalo Bi Mwaisha Hakuliandika

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Mama uliye jikoni, punguza moto kidogo. Nawe uliye dukani, mmalizie mteja huyo sukari yake, kisha sogea karibu na redio. Leo tuna msiba.

Leo tunamkumbuka Bi Mwaisha Stambuli. Kwa miaka kumi alikuwa mwenyekiti wa kitongoji cha Lugongo, kule juu ya Bigwa. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu ukiwa na mapafu mazuri, na saa tatu ukiwa na kitambi kama changu. Bi Mwaisha amefariki Ijumaa iliyopita asubuhi, nyumbani kwake Lugongo, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Amezikwa siku hiyo hiyo, baada ya sala.

Wengi wenu mlimjua bila kujua jina lake. Jumamosi pale sokoni Bigwa, yule mama mfupi, raba za kiume miguuni, ndoo ya njegere kichwani, anacheka kabla hujamaliza kumsalimia. Ndiye huyo. Ukimwomba akupunguzie bei anakujibu, "Baba, panda mwenyewe ukachume, nitakupa bure." Jamani, nani aliwahi kupanda? Tulikuwa tunanunua tu, tena tunaondoka tunacheka.

Bi Mwaisha alizaliwa Lugongo, akakulia Lugongo, akaolewa Lugongo. Mume ndiye aliyemfuata, kwa sababu kwetu Uluguru mambo yalianza hivyo tangu enzi za mababu. Ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa mama. Watoto nao ni wa ukoo wa mama. Bi Mwaisha alipenda kusema kwamba mjomba akikohoa, mtoto anatulia; baba akikohoa, anapewa dawa. Utani huo ni wake, siyo wangu, kwa hiyo akina baba msinipigie simu kunilaumu.

Alichaguliwa kuwa mwenyekiti mwaka elfu mbili na kumi na nne. Shida kubwa ya wakati ule ilikuwa wizi wa mazao. Mtu anapalilia kabichi miezi mitatu, anaamka anakuta mashina matupu. Mkungu wa ndizi umekatwa. Karoti zimeng'olewa. Na mwizi akikamatwa, ole wake. Polisi wako mbali, hasira iko karibu.

Miaka miwili baadaye mtu mmoja aliuawa kwa mawe kando ya kijito, kwa sababu ya mkungu mmoja wa ndizi. Mkungu mmoja, wasikilizaji wapendwa. Bi Mwaisha alifika amechelewa. Binti yake, Shamsia, anakumbuka: "Mama alirudi, akakaa uani na nguo zake za shamba, hakula. Akasema, 'Shamsia, kwenye kitongoji changu sitaki kuona tena kitu kama hiki.' Akarudia mara mbili."

Hilo ndilo alilolipigania maisha yake yote yaliyobaki. Mtu yeyote asiuawe Lugongo.

Mwaka elfu mbili na ishirini na mbili akaletwa polisi kata. Afande Jonathan, mwenyeji wa Kibondo huko Kigoma, mrefu, viatu vinang'aa hadi unajiona. Masikini, viatu vile na udongo wa Uluguru! Siku ya kwanza alianguka mara nne kabla ya kufika Lugongo. Bi Mwaisha akampokea, akamtazama matope yalivyomfika kiunoni, akaingia ndani, akatoka na fimbo ya mwanzi.

"Shika hii, afande," akamwambia. "Huku hata sheria inapanda kwa miguu."

Wakaketi watatu. Afande Jonathan wa polisi, mtendaji wa kijiji Bi Rahel, na Bi Mwaisha wa kitongoji. Wakakubaliana kazi. Vijana na wazee wenye nguvu waunde kikundi cha ulinzi shirikishi. Kila mtu anayeishi Lugongo aandikwe kwenye daftari la wakazi. Na anayekutwa shambani bila kufahamika asiguswe mpaka jina lake litafutwe daftarini na polisi kata apigiwe simu.

Daftari la kwanza aliliandika afande mwenyewe, na lilikuwa kichekesho. Kila nyumba aliita baba, akamtaka asaini kama mkuu wa kaya. Wanaume wakawa wanatazamana. Mmoja akamwambia, "Afande, mimi hapa ni mkwe tu. Wakubwa wa hapa ni mke wangu na kaka yake. Nikisaini mimi, jioni sipewi ugali." Afande anasema alidhani anataniwa. Bi Mwaisha ndiye aliyemnyang'anya kalamu. Akanunua daftari jipya, lile kubwa lenye jalada gumu, akaandika nyumba zote kwa jina la mama. Mama fulani, watoto wake hawa, mjomba wa kuitwa ni fulani.

Na lilifanya kazi, tena vizuri kweli. Kijana akionekana anauza karoti asizolima, afande hahangaiki na baba. Anafungua daftari, anampata mjomba, mambo yanakwisha kabla hayajawa kesi.

Kwa wale waliokamatwa, Bi Mwaisha aliweka utaratibu wake. Mtuhumiwa analetwa uani kwake, anakalishwa, anapewa bakuli la uji. Mnaelewa maana yake? Kwetu huwezi kumpiga mtu aliyeshika bakuli la nyumba yako. Ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo mtu anakunywa uji polepole, wenye hasira wanasimama wanamtazama, jua linapanda, na afande naye anapanda na fimbo yake. Kwa mwaka mmoja walikamatwa watu sita. Wote sita walifika kituoni wanatembea kwa miguu yao.

Ilikuwa raha siku zile. Afande alijifunza kusalimia kwa Kiluguru, vibaya mno, na watoto walimfuata njiani ili wamsikie akikosea. Vikao vilifanyika uani kwa Bi Mwaisha, chai ya mchaichai, mihogo, vicheko. Bi Rahel mtendaji anasema hajawahi kupenda kikao cha serikali kama alivyopenda vile. Ukimwona polisi unamkaribisha chai, humkimbii. Tulikuwa nazo siku hizo, na hatukuzithamini vya kutosha.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike pale ambapo yeye mwenyewe alitaka tufike kila alipozungumzwa. Mwaka jana alipanda ngazi za studio hii, akakaa kwenye kiti kile pale, akaniambia, "Ukinisifia bila kusema hili, utakuwa umenidanganyia watu." Kwa hiyo ninalisema.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa nne, mwaka elfu mbili na ishirini na tatu. Saa tatu asubuhi, ukungu bado uko mabondeni. Bi Mwaisha hakushuka sokoni kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua. Alikuwa uani anachambua mchele. Simu ikalia. Alikuwa Luqmani, kiongozi wa kikundi cha ulinzi, jirani yake wa miaka mingi.

"Shikamoo mwenyekiti. Tumemkamata mtu shambani kwa kaka yako Abeid. Ana panga, ana gunia, kabichi kakata karibu thelathini."

"Anasema ni nani?"

"Anajiita Severini. Eti ni mtoto wa Abeid."

Abeid mwenyewe alikuwa kwenye basi, ametoka stendi ya Msamvu asubuhi ileile kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, na simu yake haipatikani. Bi Mwaisha akasema ngoja. Akaleta daftari. Akapitisha kidole kwenye nyumba ya Abeid. Mke wa Abeid yumo, watoto watatu wamo. Severini hayumo. Na mlima wote ulijua jinsi Abeid alivyohangaika na kabichi zile, zilikuwa ndiyo dawa yake na nauli ya kurudi. Hasira ikampanda Bi Mwaisha. Jasho la kaka yake, tena mgonjwa!

"Hayumo," akamwambia Luqmani. "Mwizi huyo."

Akakata simu. Hakutaja uji. Hakusema mleteni hapa. Siku zote alisema, siku ile hakusema.

Akarudi kwenye mchele wake. Alichambua, kwa maneno yake mwenyewe, kama viganja viwili hivi. Halafu mkono ukasimama.

Severini. Abeid alikuwa na mtoto wa kwanza, aliyemzaa na Anastasia, mkulima wa kijiji cha misheni, upande wa pili wa mlima. Mkristo, Mkatoliki. Waliachana mtoto akiwa na miaka mitatu, na mtoto akabaki kwa mama yake na wajomba zake, kama mila inavyotaka. Alibatizwa kwa jina la Severini. Bi Mwaisha alikuwepo kwenye sherehe ya ubatizo, Muislamu wa watu, amembeba mgongoni mchana kutwa kwa sababu kila akimshusha analia. Kwenye daftari la Lugongo hakuwamo, na kwa mila hakustahili kuwamo. Aliandikwa kwa mama yake, kijiji kingine. Abeid ndiye aliyemwomba aje avune, na kwa haraka ya safari hakumwambia mtu.

Hapa studio Bi Mwaisha aliniambia hivi, na sauti yake ninayo mpaka leo: "Mwanangu, nilijibu kama karani. Niliulizwa habari za mtoto wa kaka yangu, nikaenda kuangalia kwenye karatasi."

Akampigia Luqmani. Haipokelewi. Akapiga tena. Haipokelewi. Akachukua daftari, sijui kwa nini alilichukua, hata yeye hakujua, akakimbia. Miaka sitini na mitatu, goti bovu, mlima umelowa. Huku anakimbia akampigia afande, ambaye alikuwa Bigwa.

"Afande, njoo! Wanamuua mtoto wa kaka yangu. Na mimi ndiye niliyewaambia ni mwizi."

Alipofika shambani, Severini alikuwa chini katikati ya kabichi. Uso ulikuwa hautambuliki. Watu kama ishirini wamemzunguka, wote majirani wa Bi Mwaisha, watu anaowajua tangu wako matumboni mwa mama zao. Akapenya. Akakaa kwenye matope, akakipakata kichwa cha Severini. Jiwe moja likarushwa, likampata begani, na hadi leo haijulikani nani alilirusha.

"Huyu ni mtoto wa Abeid!" akapiga kelele. "Niliyekosea ni mimi. Anayetaka kupiga aanze na mimi!"

Luqmani akaangusha fimbo, akakaa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Severini alikuwa anapumua, lakini kwa shida.

Mlimani kwetu hakuna gari la wagonjwa. Kuna machela, blanketi na miti miwili. Wanaume wanane wakambeba. Na walewale waliompiga ndio waliobeba, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu ndio waliokuwepo. Waliteremka mbio, wanateleza, wanapokezana. Katikati ya njia, kwenye kijito, wakakutana na Afande Jonathan anapanda, amejaa matope, hana hata pumzi. Akapiga magoti pale pale, akaijaza PF3, fomu ya polisi ya matibabu, juu ya jalada la daftari la Bi Mwaisha, ili hospitali wasichelewe kumpokea majeruhi.

Alipomaliza kuandika, akainua kichwa. "Nani alipiga?"

Wabebaji wakatazama maji ya kijito.

Bi Mwaisha akajibu. "Hawa unaowaona wameshika machela. Na mimi niliyewaambia ni mwizi. Andika wote."

Afande akamvuta pembeni. Leo amestaafu, anaishi Mazimbu, na jana alinisimulia mazungumzo yale huku akifuta machozi. Alimwambia, "Mama, nikikuandika wewe, nani atanifungulia mlango Lugongo?"

Bi Mwaisha akamjibu, "Usiponiandika, nani atakuamini?"

Akaandikwa. Alikaa mahabusu siku mbili, kisha akawa shahidi. Akasimama mahakamani, akasema aliyoyaona na akasema aliyoyatamka. Watu wawili walifungwa, Luqmani mmojawapo, miezi kumi na minane. Severini alipona, lakini jicho la kushoto lilipotea na mkono wa kulia haukurudi sawasawa. Alikuwa fundi seremala. Mkono wa kulia, jamani.

Lugongo ikamnunia Bi Mwaisha. Wengine walisema ameuza watu wake kwa polisi. Wengine walisema amekula njama na polisi akaachiwa. Uani kwake pakawa kimya, chai anakunywa na Shamsia tu. Afande naye akipanda alikuta milango imefungwa. Yale yote waliyoyajenga kwa mwaka mzima yalikuwa yanamomonyoka.

Sasa sikilizeni alichofanya. Misimu miwili alipalilia shamba la mke wa Luqmani. Hakuombwa. Luqmani aliniambia juzi pale kaburini: "Nilitoka jela na maneno yangu ya kumwambia. Nikakuta mahindi yangu yamefika kifuani. Nikauliza nani kalima. Nikaambiwa. Maneno yakaniishia."

Na akaanza daftari upya. Alipita nyumba kwa nyumba, hata zile zilizomfungia mlango. Alirudi kesho, alirudi keshokutwa. Aliuliza maswali matatu. Mama yake nani? Baba yake nani? Na swali la tatu, ambalo hakuna ofisi iliyomfundisha: kuna nani mwingine, popote alipo, ambaye siku moja anaweza kuja hapa akasema ni kwetu? Watu walianza kutaja watoto wa nje, wakwe walioachika, wajukuu wa Kilosa na wa Ifakara. Wengine walilia wakitaja. Afande Jonathan na Bi Rahel wakalichukua swali hilo la tatu wakalipeleka vitongoji vingine vya kata. Tangu siku ile, Lugongo hajapigwa mtu.

Lakini yeye hakusema amemaliza. Kaka yake, Mzee Abeid, anasema: "Dada yangu hakuwahi kujitetea hata kidogo. Ilikuwa inaniumiza. Angejitetea tungegombana, yakaisha."

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alivuka mlima kwenda kijiji cha misheni. Anastasia, mama yake Severini, alimfungulia, akampa maji ya kunywa, akampa kigoda. Severini alibaki chumbani. Bi Mwaisha aliongea na mlango. Hujambo, Severini? Umeamkaje, Severini? Mtu mzima anamsalimia kijana, na kijana haitiki. Anakaa saa moja, anaaga, anarudi. Mwezi ujao tena. Miaka miwili na zaidi.

Wasikilizaji wapendwa, tunazungumza sana kuhusu ulinzi wa jamii. Tunasema polisi washirikiane na watendaji, watendaji washirikiane na wenyeviti. Ni kweli, tena ni kweli kabisa. Ila mwisho wa mlolongo wote huo kuna mtu mmoja ameshika simu, kachoka, kakasirika, na mwingine amelala chini anasubiri jibu lake. Siku moja mtu huyo atakuwa wewe. Naomba tulifikirie hilo leo, kila mmoja pale alipo, kabla hatujafungua mdomo kwa kijana tusiyemjua.

Kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa Shamsia, binti yake. Pole kwa Mzee Abeid, aliyebaki bila dada. Pole kwa ukoo wote, kwa wana Lugongo, kwa Afande Jonathan aliyepanda juzi na kushika jembe la kuchimbia kaburi. Mwenyezi Mungu ampokee Bi Mwaisha, amsamehe makosa yake, na sisi atusamehe ya kwetu.

Na pole kwako, Severini. Najua unatusikiliza, kwa sababu asubuhi ulinipigia simu na ukaniruhusu niyasome maneno yako kama ulivyoyasema. Ninayasoma.

"Jumatano nilisikia hali yake mbaya. Nikavuka mlima. Sikumwambia hata mama ninakwenda wapi. Shamsia akanifungulia. Shangazi alikuwa kitandani, hajasema neno tangu Jumatatu. Nikakaa. Nilikuwa nimebeba maneno makali ya miaka miwili, nimeyapanga vizuri kabisa. Nilipomwona alivyokonda, nikasema tu, 'Shikamoo, shangazi.' Akafumbua macho, akaniitikia: 'Marahaba, baba.' Shamsia akatoka nje kulia. Watu wananiuliza kama nilimsamehe. Mimi sijui. Jicho halijarudi, na randa siwezi kuishika. Ninachojua ni kwamba nilimwamkia, na akaniitikia."